Niliandika jina lake kwenye daftari la theolojia

Admin, ficha jina langu na la kanisa. Nina miaka themanini na tisa, ni mchungaji mstaafu hapa Nakuru, na mke wangu alishatangulia. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Msije mkaniita shujaa wa imani. Wengi wameniita hivyo na wote wamekosea.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa mbao kwenye shamba la ngano la mzungu kule Mau Narok, na Jumapili nikihubiria wafanyakazi wenzangu ndani ya ghala la magunia. Kanisa likaanzisha masomo ya theolojia ya Jumamosi mjini, kwa sisi tuliokuwa na kazi siku za wiki. Tulikuwa tisa. Nilidandia lori la viazi alfajiri, nikafika darasani na vumbi hadi kwenye nyusi, nikiwa na furaha kuliko bwana harusi. Shule niliishia darasa la nne, na sasa mmisionari alikuwa akiniita mwanafunzi!

Somo la uchungaji lilitaka kila mmoja awe na daftari. Kila mwezi uandike watu uliowatembelea: jina, shida yake, na ulivyomshauri. Mwezi wa kwanza niliandika "ndugu mmoja" na "mama fulani". Mwalimu akanikata alama na kuandika kwa wino mwekundu kwamba mchungaji lazima ajue watu wake kwa majina. Iliniuma sana. Nikasema haitatokea tena.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni. Wakikuyu wa shambani walihojiwa kila mara kuhusu kiapo cha Mau Mau. Mimi natoka magharibi, kwa hivyo hakuna aliyenishuku. Rafiki yangu, nitamwita Baba Wanjiru, alikuwa Mkikuyu, mkamuaji wa ng'ombe, na ndiye aliyetuongozea nyimbo. Mchana mmoja aliingia kwenye karakana yangu, akafunga mlango.

"Ndugu, nimekula kiapo," akasema. "Walikuja kwangu na panga, na mke wangu amebeba Wanjiru mgongoni. Ningefanya nini? Sasa nikisimama kuimba, sauti inakataa. Niombee, na hii maneno isitoke hapa."

Tulipiga magoti kwenye maranda ya mbao, akalia mpaka shati langu likalowa. Nilimwahidi haitatoka. Kisha nikaenda kuandika yote, na jina lake kamili, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Sikuwa na ubaya naye hata kidogo. Niliona ndiyo ziara bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilitaka mwalimu aione. Mwenzangu mmoja darasani alichungulia, akaninong'oneza, "Wewe una wazimu? Futa hiyo jina." Nikamwambia ana wivu.

Nilipata kumi na tisa kwa ishirini.

Siku chache baadaye askari walikuja asubuhi tukihesabiwa kazini. Walimwita Baba Wanjiru peke yake, wakampandisha lori. Mkewe alikimbia nyuma na koti lake mkononi, hakulifikia lori. Mama na mtoto nao walipakiwa kwenye treni, wakarudishwa mahali palipoitwa kwao. Baba Wanjiru alifia kambini. Alikufa kwa nini, hatukuambiwa.

Nilimuuliza mwalimu, naye hakuficha. "Ofisa alikuja kunywa chai, akaona madaftari, akaomba kusoma. Ningemnyima vipi? Kama mtu ni mwema, atarudi." Halafu akaniuliza kama nimemaliza kusoma Warumi. Nikajibu nimemaliza. Nilisoma hadi mwisho, nikapewa cheti, baadaye nikawekewa mikono kuwa mchungaji. Sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Lawama ilipata pa kukaa. Baba Wanjiru alikuwa na mdogo wake, mlevi, na wiki hiyo hiyo walikuwa wametupiana maneno mbele ya watu. Ikasemwa ndiye aliyemuuza. Baada ya uhuru Mama Wanjiru alirudi Nakuru na binti yake, wakawa waumini wangu, naye alikufa akiamini hivyo. Yule mdogo wake, ambaye sasa ni mzee, hajaitwa harusi wala mazishi ya ukoo wake tangu siku hizo. Nilijua yote haya na nikanyamaza, Jumapili baada ya Jumapili, nikiwa mimbarini.

Mwezi uliopita Wanjiru alikuja kwangu kutoka Lanet. Sasa yeye ni nyanya wa watu. "Pastor, yule mzee ni mgonjwa sana, anaomba kuniona kabla aende. Wewe ulikuwa rafiki ya baba. Mtu aliuza baba yangu, nimsamehe aje?"

Nikamwambia amsamehe. Mimi! Tena nikamfungulia Biblia. Alinishukuru huku akilia.

Juzi alipiga simu kwamba atamsamehe, ila kwanza mzee akiri mbele ya familia yote. Nilikwenda kumwona mzee. Amebaki mifupa.

"Pastor, mimi sikuuza ndugu yangu," akaniambia. "Lakini nimechoka. Nataka kuzikwa na watu wangu. Nipangie tu vile nitasema, na nitasema."

Jumapili hii saa nane watakusanyika, na ni mimi nitakayeongoza maombi. Nikisema ukweli, Wanjiru atajua kwamba aliyemfungisha ndoa na kumzika mama yake ndiye aliyeandika jina la baba yake. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atakufa amekiri kosa langu, na mimi nitaitikia amina. Naogopa, sitawadanganya. Naogopa macho ya Wanjiru kuliko ninavyoogopa kufa.

Nyinyi mnaosoma, msinionee huruma kwa sababu ya uzee. Nimwite Wanjiru kando kabla ya siku hiyo, au nisimame mbele ya wote? Nianzie wapi? Nishaurini haraka, maana mzee amenipigia asubuhi ya leo kuuliza kama maneno yake yako tayari.