Kadi za Mwalimu Kisia

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani, sokoni, hata zahanati anapokwenda kupima presha, anaitwa Mwalimu Kisia. Tangu ujana wake alikuwa akiingia darasa la tatu na rundo la kadi, anaibana moja kifuani na kufoka: "Kisia!" Na watoto waliokuwa wakitokwa jasho kwa Kiingereza walinyanyuka vitini kama waliokalia siafu.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mtoto anachomoa kadi bila kuitazama, mwalimu anaipokea, na darasa linauliza kwa Kiingereza: Ni mnyama? Kinaliwa? Ni kikubwa kuliko mlango? Mwalimu hujibu ndiyo au hapana, basi, hata umbembeleze vipi. Na kudanganya ni mwiko. Aliyepatia anakaa na kadi mpaka kengele ilie, na siku hiyo huwezi kumwambia kitu.

Picha zilichorwa na mumewe, mwandika mabango ya maduka na vinyozi, kwenye vipande vya maboksi ya sabuni. Bwana yule alikuwa fundi, lakini hakuweza kuchora kitu asichokiona. Kwa hiyo birika lilikuwa birika lao, mdomo umepinda. Kiti kilikuwa kile chao chenye mguu wa kufungwa kamba. Paka alikuwa paka wao, mnene, mvivu, mwizi wa maziwa. Mwanafunzi mmoja alikuja kumtembelea akiwa mtu mzima na ndevu zake, akasimama mlangoni akacheka hadi machozi: "Mwalimu, mbona hiki kiti nakijua!" Jioni zile za kuchora, sebule inanuka rangi, Mwalimu anakata maboksi huku akimkosoa mumewe, ndizo anazozikumbuka kuliko hata harusi yao.

Mume alifariki. Birika likatoboka, kiti kikawa kuni, paka naye akaenda zake. Zilibaki kadi, na alipostaafu alizifungia kabatini.

Ndipo mke wa mwanawe, naye mwalimu, akapangiwa darasa lile lile.

"Mama, naomba zile kadi. Watoto wananisinzilia."

"Si siku hizi kuna picha za kwenye kompyuta?"

"Hizo ndizo zinazowalaza."

Mama akacheka, ila ufunguo hakutoa. Si kwamba alikuwa mkono wa birika. Huyu angekugawia hata tonge lake la mwisho. Lakini kadi zile zilikuwa mkono wa mumewe. Zikienda zitachanika, zitalowa, zitapotea, na yeye atabaki na nini? Akawa anapiga chenga: leo kichwa kinauma, kesho ufunguo haujulikani uliko. Mwisho akapiga moyo konde. Atakwenda mwenyewe, siku moja tu, awaonyeshe mchezo, kisha arudi na kadi zake.

Darasa lilimchangamkia kuliko alivyotarajia. Walikisia birika, wakagombania paka. Kisha mtoto mmoja akachomoa kadi nyingine, mwalimu akaipokea, akaitupia jicho, akaganda. Ilikuwa kadi ya neno "baba". Mumewe alijichora mwenyewe kwa kujitazama kwenye kioo, na masikio yale makubwa alikataa katakata kuyapunguza. Tangu msiba alikuwa hajathubutu kuiangalia.

"Ni mnyama?"

"Hapana."

"Ni mtu?"

"Ndiyo."

"Ni mwanamke?"

"Hapana."

"Ni mzee?"

Akazitazama zile nywele nyeusi. "Hapana," akasema. Hata nje ya kadi, uzee haukumkuta.

Dawati la nyuma alikaa msichana mmoja ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa. Akanyoosha mkono, akauliza akiokota maneno ya Kiingereza moja moja: "Yuko nyumbani?"

Mwalimu akaibana kadi kifuani. Mkwe wake, aliyekuwa amesimama dirishani, alisogea kuja kumwokoa, naye akamzuia kwa kiganja. Mwiko ni mwiko.

"Hapana."

"Basi ni baba," msichana akasema papo hapo.

Wenzake wakaangua kicheko. Baba gani asiyekuwa nyumbani? Mwalimu akaigeuza kadi, kicheko kikakatika. Msichana akaja kuichukua kama ilivyo haki ya mshindi, akaiweka mbele yake dawatini, akaitazama muda wote uliobaki. Mwalimu naye alimtazama yule mtoto, akalia machozi yake pale pale mbele ya darasa, wala hakujificha.

Kengele ilipolia msichana akairudisha, akaishika kwa ncha za vidole isichafuke. Mkwe akaanza kuzipanga kadi.

"Nikubebee mpaka nyumbani, mama?"

"Ziache."

"Hata hii ya baba?"

"Hiyo hasa. Kwangu amekaa kabatini, mwanangu, hakuna anayemuulizia. Hapa watamuulizia."