Maji ya kisima cha msikiti

Miaka ile ya vita nilikuwa na kigari kikuukuu, na spea hazikupatikana kwa dawa. Vichochoro vya mtaa wetu wa Kuze havikukipitisha, kwa hiyo nilikiacha barabarani, na kila Ijumaa asubuhi nikikiendea na ndoo ya maji, mgongo ukiniuma. Nilisugua plagi kwa msasa, nikapuliza kabureta, nikageuza skrubu yake kidogo kidogo mpaka injini itulie. Haikutulia hata siku mbili. Nikifika Kizingo tu, maji ya rejeta yanachemka.

Fundi wa Kihindi kule Bondeni alichovya kidole kwenye rejeta, akakilamba, akatema mate.

"Bwana, wewe gari walitilia bahari?"

Yalikuwa maji ya kisima cha msikiti. Mama alishikilia kuwa gari lisitiwe mengine, lipate baraka, nami nikatii, ingawa mtaa mzima twajua kisima kile kina chumvi. Chumvi ilikuwa imeshaila shaba ya ndani.

Fundi akaziba matundu kwa lehemu. Tangu siku ile nikawa natia maji ya mfereji, ya bomba, kwa siri, na yale ya mama naoshea magurudumu. Gari likatulia miezi.

"Waiona baraka?" mama aliniuliza siku moja, ameketi nyuma na buibui lake.

"Naiona, mama."

Nilikuwa nimechoka mno, hata kumwambia kweli sikuweza. Naye alikuwa ameshawahadithia majirani. Ijumaa iliyofuata nilimkuta jirani yetu mwenye teksi pale kisimani, ana ndoo mbili.