Fundi wa vifaru vya bati anayekimbizana na macho ya baba yake

Saa saba mchana, gereji moja nyuma ya soko la Homa Bay imetulia. Mafundi wameenda kutafuta ugali na omena, na Pijo iliyopulizwa rangi asubuhi imeachwa juani ikauke. Gisiri Nyarangi hajaenda popote. Ameketi juu ya tairi kuukuu, miwani imemshukia hadi puani, anafunga kipande cha mnyororo wa baiskeli kuzunguka safu ya vifuniko vya soda.

Ukimtazama kwa mbali utadhani anaunda mtego wa panya. Sogea karibu ndipo uone mwili wa bati, misumari midogo iliyoigwa kwa matone ya risasi ya kulehemu, na mizinga miwili iliyokatwa kutoka antena ya redio ya gari. Ni kifaru cha vita, kidogo kiasi cha kukaa juu ya viganja viwili, na mnyororo ukishafungwa kinatembea.

“Huyu jamaa akishika hiyo kitu, hata umwambie gereji inaungua atakujibu ngoja nimalize gurudumu,” anasema Jared, fundi mwenzake, akirudi na chai yake kwenye chupa. “Lakini hapa Homa Bay yote, kwa mambo ya rangi, hakuna mtu anaweza kumshinda. Hiyo nakubali.”

Gisiri, mwenye umri wa miaka 44, ni mpulizaji rangi za magari. Mwezi mzuri humpa takriban shilingi elfu nne, na mwezi mbaya humpa ahadi tu. Kazi yake ni kuangalia mlango uliogongwa na kuchanganya rangi mpaka mwenye gari ashindwe kuonyesha ulipogongwa. Jicho lake halidanganyiki kirahisi, na jambo hilo ndilo linalomsumbua sasa, kwa sababu kuna rangi moja anayoitafuta na hajawahi kuiona.

Rangi hiyo imo kichwani mwa baba yake tu.

Mzee Nyarangi, anayeishi Ntimaru karibu na mpaka wa Tanzania, alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alirudi na koti, sufuria ya jeshi na masimulizi, na simulizi lililomletea kejeli nyingi lilikuwa la kifaru. Aliwaambia watu kwamba kifaru alichotembea nyuma yake kwenye matope kilikuwa na mizinga miwili, mmoja juu na mwingine umechomoza ubavuni, kulia. Watu walicheka. Walisema labda mzee alikiona kimoja mara mbili.

Aliyemwamini ni mwanawe. Akiwa na miaka tisa, Gisiri alianza kuunda vifaru kwa makopo ya mafuta ya kupikia, na baba akamfundisha kupima. Hawakuwa na rula wala picha. Walikuwa na kiberiti.

“Baba alisema, njiti moja ni askari mmoja amesimama,” anaeleza Gisiri. “Sasa unauliza: askari akisimama kando ya kifaru, kinamfika wapi? Urefu ni askari watatu na kidogo. Kwenda juu, askari hakioni kifuniko, labda arukeruke. Kila kitu tulipima kwa askari. Hata leo sina kipimo kingine.”

Na kweli hana. Mfukoni mwa ovaroli yake, kando ya penseli, kuna kiberiti ambacho hakijawahi kuwasha kitu.

Alikuwa na miaka kumi na minne alipotiwa jandoni pamoja na vijana wa rika lake. Kwa Wakuria wa kijijini kwao mtu akishatoka hapo si mtoto tena, na vitu vya utoto haviguswi. Makopo yakagawiwa wadogo zake, nao hawakuchelewa kuyaponda. Gisiri akaoa, akahamia Homa Bay kutafuta kazi, na kwa miaka karibu thelathini hakuunda kifaru hata kimoja. Anasema wakati mwingine alikuwa akiona kopo tupu njiani, mkono ukawasha, akapita zake.

Mwaka 1994 mzee alianza kugonga milango. Gisiri alimpeleka kwa daktari wa macho, wakaambiwa ni presha ya macho; kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua. Njiani kurudi mzee hakulalamika. Alimwambia mwanawe kwamba kijiji chote kile hakuna mtu mwingine aliyekiona kifaru kile, na macho yake yakifunga, kimekwisha.

“Niliposikia hivyo sikulala vizuri,” anasema Gisiri. “Asubuhi nikaokota kopo.”

Mkewe, Phanice, alidhani ni jambo la wiki moja. Wenzake wa rika hawakuwa wavumilivu hivyo. Habari ziliwafikia Ntimaru kwamba baba wa watoto sita amerudia michezo ya bati, na Desemba hiyo alipokwenda nyumbani walimjia wakiongozwa na mwenzake aitwaye Bichage. Walimweka kikao kizima, wakamwambia anawaaibisha, wakamtoza mbuzi. Gisiri hakubishana. Alimtoa mbuzi, wakachinja, wakala, na kabla nyama haijaisha Bichage mwenyewe alikuwa amechuchumaa pembeni akikisukuma kifaru kwenye vumbi ili aone kama mnyororo unazunguka kweli.

Mwili wa kifaru haukumpa shida sana. Mikono ilikumbuka. Shida ilikuwa rangi, maana utotoni hakuwahi kupaka. Rangi ingetoka wapi? Sasa rangi anazo, mabaki ya kila gari linalopita gerejini, na baba alikuwa na maelezo yake, ambayo hayapatikani kwenye kopo lolote dukani.

“Si kijani ya majani,” Gisiri anamnukuu. “Ni mavi ya ng’ombe siku ya pili. Juu yameanza kukauka, ndani bado mabichi. Hapo katikati.”

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi Gisiri hubeba vifuniko vya makopo alivyovipuliza rangi mbalimbali. Huchanganya kijani ya lori la miwa na nyeusi, huongeza njano kidogo, hutia kahawia, huanza upya. Mzee huketi mlangoni, hukishika kila kifuniko juani na kukigeuza geuza karibu na pua. Hukumu zake ni fupi. Hii ni ya shule. Hii ni ya basi. Hii ni ya mlango wa duka. Mara moja aliikataa rangi kwa kusema ilikuwa ya kifaru cha watu wengine.

Ni mashindano ya ajabu. Kila mwezi mwana anakaribia rangi, na kila mwezi macho ya baba yanazidi kufifia. Krismasi iliyopita mzee alikishika kifuniko muda mrefu kuliko kawaida, akasema, “Karibu.” Gisiri alirudi Homa Bay akiimba. Tangu hapo amejaribu mara kadhaa, na mzee amekuwa akikataa kwa sauti isiyo na hakika.

Jumamosi moja ya Agosti, mwandishi wa makala hii aliandamana naye hadi Ntimaru. Gisiri alibeba vifaru viwili, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti. Kimoja kilikuwa kimekamilika, kimepakwa kijani aliyoichanganya upya kwa wiki tatu. Cha pili kilikuwa bado na rangi ya kwanza tu, ile nyekundu ya kuzuia kutu. Alitaka baba akague mizinga yake.

Tulimkuta mzee ameketi mlangoni, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alitusalimu kwa Kiswahili cha jeshi, akauliza habari za barabara. Gisiri alikwenda kuwasalimu majirani waliokuwa wakimwita ng’ambo ya ua. Mzee hakumsubiri. Alipapasa mfuko wa vifaru ulioachwa miguuni pake, akatoa furushi la kwanza, akafungua gazeti taratibu na kukiinua kifaru juani.

Alichokiinua kilikuwa chekundu kama tofali.

Alikigeuza upande huu na upande ule. Gisiri alikuwa amerudi na kusimama hatua chache kutoka hapo.

“Ndiyo hii,” mzee akasema. “Hii ndiyo rangi. Sasa umeipata, mwanangu. Pumzika.”

Uso wa Gisiri ulikuwa wa mtu aliyefika stesheni akakuta gari limeondoka. Kisha akachuchumaa mbele ya baba yake na kumwambia asante, kwa sauti ya chini kabisa, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni bila kuyaficha. Mwandishi naye aliangalia pembeni.

Mzee Nyarangi alinyoosha mkono, akaupata uso wa mwanawe, akagusa shavu lenye maji.

“Kumbe si hii,” akasema.

“Si hii, tata,” Gisiri akajibu, akimwita baba kwa Kikuria. “Hii ni nyekundu.”

Mzee alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa. Ndipo akasema alichokuwa akikificha: kwamba tangu Pasaka haoni rangi, anaona mwanga na kivuli tu. Alikuwa akizikataa kwa kubahatisha, akiogopa kwamba akikubali, mwanawe ataacha kuja na vifuniko. Lakini safari hii alimsikia akikohoa, kile kikohozi cha watu wanaovuta hewa ya rangi mchana kutwa, akaona amemchosha vya kutosha.

“Wewe unafikiri mimi nataka rangi?” akamuuliza. “Rangi ilikuwa ni ya kukuita.”

Walikaa hivyo kwa muda, kifaru chekundu kikiwa katikati yao, na kile cha kijani bado kimefungwa kwenye gazeti. Vidole vya mzee vilianza kutembea juu ya bati. Vilihesabu matone ya risasi, vikauzunguka mnyororo, vikaupata mzinga wa ubavuni na kuupima kwa kucha. Alitikisa kichwa: ulikuwa umekaa nyuma kidogo. Usogezwe mbele, nusu askari.

Kisha kidole kikafika juu, kwenye kifuniko ambacho Gisiri alikuwa amekichora tu kwa msumari, kikakwaruza pale mara mbili tatu.

“Hapa palikuwa na mlango,” mzee akasema. “Kijana mmoja alikuwa anatoka hapa, anatugawia sigara. Kila asubuhi. Nifanyie mlango mimi naweza kufungua.”

Jumatatu Gisiri alikuwa amerudi gerejini, juu ya tairi lake, akitafuta bawaba. Ameikuta kwenye kisanduku cha miwani mikuukuu, ndogo kama punje ya mtama, na anaamini itafaa. Anataka kifaru cha tatu kiwe na mlango unaofunguka, viti ndani, na askari wa kuumbwa kwa risasi ya kulehemu wa kukaa humo, na anataka kikamilike kabla ya Desemba.

Je, atakipaka rangi? Gisiri anashangaa kuulizwa. Atakipaka ile aliyoipeleka Krismasi, kwa sababu ndiyo ya mwisho ambayo macho ya baba yake yaliiona kweli.

“Aliniambia karibu,” anasema. “Basi mimi nitakaa hapo karibu.”