Winchi Iliyokataa Kupandisha

Nilikuwa nimefundisha fizikia miaka kumi na mmoja siku nilipokaribia kumzamisha mdogo wangu kisimani.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Olasiti. Kiangazi kilikuwa kimepunguza maji na tope limejaa chini, naye mdogo wangu, fundi ujenzi asiyeogopa shimo, akasema atashuka kulizoa. Nilikuwa na winchi kuukuu, ile ya kuvutia magari yaliyokwama. Swichi yake ilikuwa imekufa. Nikamwambia asijali: nikiunganisha nyaya kwenye betri inashusha, nikizigeuza, ya chanya iende hasi, inapandisha. Darasani nilifanya hivyo kila mwaka kwa kimota cha kuchezea, na wanafunzi walipiga makofi.

Wifi yangu, mkewe, alishikilia tumfunge pia kamba ya katani kiunoni. Nilimcheka, ila tukaifunga.

Tukamshusha taratibu kwa waya wa winchi. Maji yalipomfika kifuani akapaza sauti, "Basi, dada! Hapa pana kina. Nipandishe kidogo."

Nikachomoa nyaya, nikazigeuza, nikagusisha. Winchi ikanguruma, na waya wa chuma ukazidi kushuka.

Nilidhani macho yananidanganya.

"Dada, unanishusha!"

Nikazigeuza tena. Ikashusha tena. Aliita mara ya tatu, maji yakaikata sauti yake.

Wifi alinisukuma kando, akaidaka kamba huku akipiga mayowe. Vijana watatu waliokuwa wakifyatua tofali ng'ambo ya uzio waliruka wakaja kuvuta naye. Mimi nilisimama tu, waya mkono huu, waya mkono huu. Mdogo wangu alitoka akitapika maji, midomo imepauka. Hai.

Jumatatu niliipeleka winchi mjini kwa mama mmoja anayesuka mota zilizoungua. Akaifungua mbele yangu.

"Mwalimu, unaona sumaku humu?"

Haikuwamo. Palikuwa na koili za shaba tu, kuzunguka rota, kile kiini kinachozunguka, pande zote.

"Hizi koili ndizo sumaku yake," akasema. "Zinakula umeme uleule wa rota. Ukigeuza nyaya za betri, umegeuza umeme wa rota, na sumaku umeigeuza pia. Vyote viwili vikigeuka, inazunguka kulekule. Geuza kimoja."

Akazigeuza ncha mbili za koili za nje tu, akagusisha betri. Ngoma inayokunja waya ikazunguka kinyume.

Nikakaa juu ya tairi lililokuwa pale. Kanuni ile naijua. Nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu: mkondo na uga wa sumaku, kwa pamoja, ndivyo vinavyoamua upande. Lakini kimota changu kilikuwa na sumaku ya kudumu, isiyogeuka kamwe, nami nikaamini mota zote ni kama kile.

Jioni nilimweleza mdogo wangu yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Dada, hukuijaribu kupandisha kabla sijaingia?"

Kisima alikimalizia wiki iliyofuata, kwa ngazi.