Pembe ya Baba na Kopo la Vidonge

Mara ya kwanza mama kuisikia pembe ilikuwa asubuhi ya ukungu, tukichambua maharage barazani. Aliinua kichwa, akatua ungo, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye kasoro.

"Msaragambo unaitwa, na wewe umekaa tu?"

Mimi sikusikia kitu ila mbuzi wa jirani. Kwetu Chome, milimani juu ya Same, pembe ya msaragambo ikilia kila nyumba hutoa mtu na jembe, kwenda kuzibua mifereji au kukarabati ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Lakini mpiga pembe alikuwa baba, na baba tulikuwa tumeshamzika. Pembe yenyewe ilining'inia ukutani nyuma yetu, mdomo wake umezibwa na utando wa buibui. Mama alichukua jembe, akaingia ukunguni. Nilimkuta ukingoni mwa ndiva, amesimama peke yake, akiitikia salamu za watu ambao mimi sikuwaona.

Mgongo wake uliumia miaka ya foleni, alipoteleza na mzigo wa kuni. Daktari wa mjini Same alimwandikia vidonge vikali vya maumivu, akampa kipimo chake, akamwambia arudi kila vikikaribia kwisha. Hapo hapakuwa na ubaya. Balaa lilitokana na adabu zetu wenyewe. Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na miaka ile sukari ilikuwa haionekani, sabuni haionekani, hata chumvi ilikuwa ya kuvizia. Basi watu walimletea walichokuwa nacho: vidonge vilivyobaki baada ya wao kupona, au vilivyovushwa mpakani kutoka Taveta vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Zawadi ya kinywani haipokelewi bila kuonjwa, kwa hiyo mama alimeza kimoja mbele ya mgeni, akashukuru, vilivyobaki akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ruksa ilipokuja na biashara ikafunguliwa, sukari ilijaa madukani, lakini maduka ya dawa nayo yalijaa, na desturi ilikuwa imeshaota mizizi. Vya maumivu, vya mafua, vya usingizi, vyote vililala humo pamoja. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja na mwenyeji akazidi kupotea.

Pembe iliendelea kumwita. Kila ilipolia, uso wake ulichangamka kama wa msichana, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mchana alisinzia kitini, pumzi ikaenda mbali, ikakaa huko, halafu ikarudi kwa mkoromo. Niliweka kiganja mbele ya pua yake nikasubiri. Niliogopa sana, siku hizo nilikuwa na hakika kwamba ipo pumzi moja ambayo haitarudi.

Shangazi alisema wafu wanamdai, twende tukatambike msituni. Mzee wa kanisa akasema tufunge na kuomba. Niliwaambia wabishane vizuri, mama akizama ndivani watakuja kunijulisha. Nikampandisha yeye na kopo lake kwenye gari la kubebea tangawizi, tukashuka Same.

Daktari alimwaga kopo mezani, akavitenganisha vidonge kwa kidole.

"Mama, vyote hivi unameza?"

"Kila mgeni na chake, daktari. Ningewakataliaje?"

Alimweleza kwamba vya usingizi vikikutana na vile vya maumivu vinaweza kumkata mtu pumzi akiwa amelala, na kwamba mchanganyiko kama ule humfanya mtu asikie yasiyokuwepo. Kopo alilibakiza kwake. Lakini alitukataza kuacha vidonge vyote kwa ghafla, kwa kuwa mwili ulikuwa umeshavizoea. Mama apunguze taratibu, yeye akimwangalia. Ameze alivyoandikiwa tu, kwa saa zake, na asitie kingine kinywani kabla ya kumuuliza.

Nikawa askari wa mlangoni. Nilipokea vidonge vya wageni na kuwarudishia palepale, nikaitwa mwenye kiburi cha mjini. Potelea mbali. Pumzi ya mama ilitulia. Pembe ikawa inalia kwa nadra, tena kwa mbali, ng'ambo ya bonde, halafu nyuma kabisa ya msitu wa Shengena, ndivyo alivyonisimulia.

Asubuhi moja ya ukungu aliinua tena kichwa juu ya ungo. Nami niliacha kuchambua. Tulisikia mbuzi tu.

"Haijalia," nikamwambia, nikifurahi kama mjinga.

"Nilijua ni vidonge, mwanangu. Tangu siku ile kule ndivani nilijua." Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa uani. "Unadhani nilivimeza kwa ajili ya wageni? Nikivimeza nilimsikia baba yako; akimaliza kuipuliza, ananiita."

Niligeuka nikaitazama pembe ukutani.

"Mgongo unauma, nitauvumilia," akasema. "Ila hiyo pembe iondoe ukutani. Siwezi kuitazama ikiwa kimya."

Niliishusha. Utando wa buibui ulikuwa bado upo mdomoni mwake, mzima, ukanibakia mkononi.