Mtoto Apige Kwanza

Watanzania wa Toronto wakiwa na harusi, kipaimara au ugeni wa askofu, anayepewa kipaza sauti ni Asumpta. Siku tano za wiki anashinda kimya akiandaa mishahara ya watu katika ofisi moja ya North York, basi ikifika Jumamosi maneno yamemjaa na hayana pa kwenda. Lakini ana kazi nyingine ambayo hakuna anayeitamani. Mtu akifiwa nyumbani, Asumpta ndiye anayeongoza msafara wa kwenda kumwambia.

Maana kwao msiba hauambiwi kwenye simu. Kwanza mtu wa karibu anamchukulia mfiwa simu yake kwa kisingizio chochote, asije akakutana na rambirambi kabla ya wakati. Kisha watu wanakuja kwa pamoja, kina mama mbele na khanga zao chini ya makoti, wanaume nyuma wakitazama viatu. Wanakaa, wanaomba maji, wanazungumzia baridi kana kwamba imeanza jana. Ndipo mmoja anasema. Wenyeji wa Kanada wakisikia habari hizi wanaona ni kuzungushana tu, lakini Asumpta amewadaka wengi wakianguka, na anajua kwa nini inahitajika mikono mingi.

Jumapili ile alishika kipaza sauti kwa jambo jingine. Mwalimu wa piano wa binti yake Nuria ana utaratibu wake: katika onyesho la wanafunzi, kila kipande kinatambulishwa na mzazi wa mpigaji. Nuria alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa miezi mingi nyumba yao ya Lawrence Heights haikuwa na sauti nyingine ila ya kipande hicho kimoja.

Kwa ajili ya onyesho hilo Asumpta aliahirisha safari ya nyumbani. Baba yake, Ta Ildefonce kama Wahaya wanavyomheshimu mzee, katekista mstaafu, alikuwa amelazwa Bukoba, figo zimemchoka, na ndugu walimsihi aje upesi. Nuria aliposikia kwamba mama angekosa onyesho, hakulia. Alifunika piano na kwenda kulala bila kula. Mzee mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa imekwisha, alisema kwenye simu, "Mngoje mtoto apige, mwanangu. Mimi nipo." Safari ikawa Jumanne. Tangu hapo Asumpta alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, amkute baba yake bado anaweza kumtambua.

Mlangoni mwa ukumbi, shoga yake Elinaza alimwambia, "Lete simu, dada, nikurekodie." Akampa bila kufikiri.

Alipopanda jukwaani aliona hadhira imekaa kama inasubiri mtihani, akaionea huruma. Akawasalimu kwa Kiingereza, akamshukuru mwalimu, akawashukuru majirani zake ambao kwa miezi yote hiyo hawakuita polisi. Watu wakacheka.

"Kipande hiki alikitunga Mjerumani mmoja akiwa mzee," akaendelea. "Mimi si mjuzi wa piano. Ninachojua ni kwamba mkono wa kushoto unabembeleza, kama mtu anayemtuliza mtoto mgongoni. Katikati panaingia giza. Halafu ule wimbo wa mwanzo unarudi, ila sasa unatembea polepole."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Wakaingia kina mama wa jumuiya, ambao tangu waje Kanada hawajawahi kwenda kusikiliza piano. Khanga zilionekana chini ya makoti. Nyuma yao aliingia mumewe Frank, fundi wa lifti, ambaye saa ile alipaswa kuwa kazini, kofia mkononi, macho kwenye viatu. Asumpta akamtafuta Elinaza. Alikuwa safu ya mbele, simu ameilaza mapajani, hakuwa anarekodi kitu.

Akajua. Mpango huo aliwafundisha yeye mwenyewe, na walikuwa wameufuata vizuri.

Jumanne, alijiambia, Jumanne ya nini, na akajichukia. Kando yake Nuria alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha piano, vidole magotini, akimsubiri mama yake amalize. Asumpta akakisogeza kipaza sauti mdomoni na kusema kwa Kiswahili, taratibu:

"Karibuni. Kaeni. Mtoto apige kwanza."

Kina mama wakatazamana, wakakaa. Frank akafunika uso kwa kofia. Nuria, aliyedhani mama anakaribisha wageni waliochelewa, akatabasamu na kuanza.

Asumpta alisikiliza akiwa kwenye kiti chake, mikono ya Elinaza imemshika. Maadamu piano ilikuwa inalia, hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, na kwa muda huo mfupi alikuwa bado na baba. Giza la katikati lilipopita na wimbo kurudi, akamwomba Nuria kimoyomoyo apige polepole zaidi.

Makofi yalipokwisha, msichana alimjia mbio, uso unang'aa, akimsemesha Kiingereza kama kawaida yake.

"Mama, wale wote wamekuja kunisikiliza mimi?"

"Ndiyo, mwanangu. Nenda kawasalimie."

Nuria akaenda. Akapita mstari mzima akiwaamkia shikamoo, na wale wakaitikia marahaba kwa sauti za chini. Mama wa mwisho alishindwa kuitikia, akamkumbatia tu huku machozi yanamtoka, na Nuria akadhani ni kwa sababu alikuwa amepiga vizuri.