Mbegu Iliyokaa kwa Jirani

Siku hiyo tulikuwa uani tukichagua masuke ya mtama wa mbegu. Wazazi wetu walikuwa wameshakufa, nami, kifungua mimba, niliacha shule darasa la saba ili niwalee Akinyi na Ouma. Mtama ule mwekundu, tunaouita andiwo, alituachia mama. Madukani haukuwepo.

Mama Boke, Mkuria wa ng'ambo ya kijito, alikuja kuchukua fungu lake. Yeye na mama walifanya hivyo kila mavuno: nusu ya mbegu yetu ikae kwake, nusu ya wimbi wake, yaani ulezi, ikae kwetu. Nyumba moja ikipatwa na wadudu au moto, nyingine inarudisha.

"Mtama yenu ni mrefu kama nyinyi Wajaluo," alisema. "Ndege wanaiona kutoka Tanzania."

"Na wimbi yako, Mama Boke, ng'ombe anakula akidhani ni nyasi," nilimjibu.

Alicheka, akafunga masuke kwenye leso.

Kesho yake ng'ombe waliibwa mpakani na mtu akauawa. Kufikia jioni vijana wa pande zote mbili, Wajaluo na Wakuria, walikuwa wameshika mapanga na mishale.

Tuliona moshi kwa jirani wa juu.

"Na mbegu?" Ouma aliuliza. Ilikuwa imening'inia juu ya meko.

"Ingine iko kwa Mama Boke. Beba maji."

Nilimweka Akinyi mgongoni.

Hatukugeuka.

Tulikaa kwa shangazi, huko Rangwe, hadi mvua ikakaribia. Tuliporudi, nyumba ilikuwa majivu. Kwetu mdogo hapandi kabla ya mkubwa, kwa hiyo shamba zima lilinisubiri mimi. Nikavuka kijito.

Mama Boke alikuwa ameketi juu ya jiwe, pale nyumba yake ilipokuwa. Watu wetu ndio walioichoma.

"Nilikuwa nakuja kwako, mtoto yangu," alisema. "Wimbi yangu iko?"

Nilitikisa kichwa.

"Sikubeba kitu," alisema. "Nilijua ingine iko kwako."

Nimeutafuta andiwo masokoni, toka Kosele hadi Kendu Bay. Naonyeshwa mtama mwekundu, lakini si ule. Sasa tunapanda mahindi ya dukani, na kila msimu lazima tununue upya. Wengine walizika watu. Sisi watatu tuko hai, na silisahau hilo. Lakini kazi ya mikono ya mama imekwisha, wala hakuna wa kuirudisha.

Siku za soko nakutana na Mama Boke. Tunaulizana habari za nyumbani. Mavuno hatuyataji.